Swichi Niliyoifunika

Nyumba tuliyopewa na kiwanda alichofanyia kazi mume wangu hapa Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ilikuwa na swichi mbili zisizofanana na zingine. Zile zingine zilikuwa za kawaida, nyeupe zilizogeuka manjano kwa vidole vya watu waliotutangulia. Lakini hizo mbili, moja ya korido na moja ya chumba chetu cha kulala, zilikuwa na taa ndogo nyekundu ndani yake, kama punje ya mtama. Ukiwasha taa kubwa, hiyo ndogo inazimika. Ukizima taa kubwa, hiyo ndogo inawaka, ili gizani ujue mkono uupeleke wapi. Ile ya korido ilikuwa ukutani kando ya mlango wa jikoni. Ya chumbani ilikuwa juu ya kichwa cha kitanda, ukutani mkabala na mlango. Walisema aliyezifunga ni fundi wa umeme aliyekaa humo kabla yetu, mtu mvivu ambaye hakutaka kuinuka kitandani ili azime taa.

Nilizipenda kuliko makochi yetu. Wageni wakija nilikuwa nawasimamisha koridoni, nafunga milango yote, nazima taa, kisha nangoja waseme "Ala!" Asiyesema nilimhesabu kuwa ana wivu. Ndivyo nilivyokuwa, na ninayataja haya mapema ili msomaji asije akanionea huruma mahali ambapo sistahili.

Nilizaliwa Kisumu, lakini wazazi wangu walitoka Murang'a wakaja kuuza nguo sokoni. Mume wangu ni Mjaluo, mtu wa Bondo. Kijaluo nilikua nikikisikia kila siku, nikakijua cha kununulia samaki na cha kujibizana na makanga wa matatu, lakini cha kukaa na mama mkwe sikukijua. Kwa hiyo mimi naye tulizungumza Kiswahili, chake kikiwa na Kijaluo ndani yake na changu kikiwa na haraka ndani yake. Alikuwa akiniita nyathina, mwanangu. Hakuwahi kuniita jina lolote linalonikumbusha kwamba nimetoka kwingine, na hilo linanikosesha pa kujitetea.

Alikuja kwetu kwa sababu ya macho. La kushoto lilikuwa limekwisha kabla hajaniona mimi. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na juu yake presha ya jicho. Daktari wa macho alimpima, akampa dawa ya matone, akamwandikia siku ya kupasuliwa, Alhamisi, wiki tatu mbele. Akatugeukia mimi na mume wangu akasema jicho hili bado linaweza kuokolewa, ila presha haingoji mtu. Msimwache arudi nyumbani akasahau, alisema. Tukaitikia kama watoto wa shule.

Kukubali kukaa kwetu hizo wiki tatu hakukuwa jambo jepesi kwake. Kwao, mama haingii chumba ambamo mwanawe analala na mkewe. Kitanda cha mwana aliyeoa ni mpaka, na mama hauvuki. Hata kulala chini ya paa moja naye ni jambo watu wanalolijadili kwanza. Shemeji zake walikaa wakasema mjini ni mjini na hospitali ni hospitali, mchungaji wake akaombea safari, ndipo akaja na mkoba wake na kuku mmoja. Tulimpa chumba kidogo mwisho wa korido, akalala na binti yetu wa miaka mitatu. Mlango wetu ulikuwa mwisho wa pili wa korido hiyo hiyo. Kila alipotoka chumbani kwake mchana alikuwa akigeuza uso upande mwingine. Nilidhani ni ugonjwa wa shingo. Mume wangu ndiye aliyenieleza kuwa ni adabu.

Akanieleza na mengine. Mtu akivuka mpaka huo, hata kwa bahati mbaya, wanaogopa chira. Ni maradhi ya kunyauka yasiyosikia dawa ya duka wala ya hospitali, na mara nyingine hayamshiki aliyekosa, humwangukia mtoto wa nyumba hiyo. Mama mkwe wangu alikuwa mwana kanisa wa kitambaa cheupe kila Jumapili, lakini mambo hayo mawili alikuwa ameyaweka katika moyo mmoja na hayakuwa yakigombana.

Jioni ya kwanza alitaka kwenda jikoni kunywa maji. Nikamsikia akipapasa ukuta, kisha kalenda ikaanguka. Mume wangu akatoka akamwonyesha swichi ya korido. Akazima taa kubwa, akamwambia, "Tazama mbele, Mama."

Akatazama. Vitu vyote kwake vilikuwa ukungu, watu aliwajua kwa sauti na kwa namna ya kutembea, lakini ile nukta nyekundu aliiona. Akacheka peke yake gizani.

"Naona," akasema. "Yawa, hiyo nyekundu naona kabisa. Imekuwa kubwa kama nyanya. Nyathina, hii nyumba yako iko na jicho mzuri kushinda yangu."

Akaenda moja kwa moja, mkono wa kulia mbele, akabonyeza. Alifanya hivyo mara tatu usiku huo bila haja ya maji wala ya kitu chochote. Nilifurahi. Nilijiona kama niliyeivumbua swichi hiyo mwenyewe.

Kisha zikaja asubuhi.

Siku ya kwanza aliamka kukiwa bado giza. Nilisikia swichi, kisha sufuria, kisha ufagio nje. Nilipotoka nikijifunga leso, uji ulikuwa umeiva na uwanja wa mbele ya nyumba ulikuwa na mistari ya ufagio, mizuri, kana kwamba haikupigwa na mtu asiyeona.

"Mama, si upumzike? Umekuja kutibiwa."

"Macho ndiyo gonjwa," akasema. "Mikono iko mzima."

Nilikuwa nashona nguo nyumbani, sare za shule zaidi, na nililala nimechoka. Nalisema tu, silitoi kama udhuru. Siku ya pili niliweka saa ya kengele saa kumi na nusu. Nikamkuta amekaa kando ya jiko, maji yanachemka, ananisalimia vizuri. Siku ya nne niliweka saa kumi kamili. Nikasikia swichi ya korido dakika tano kabla ya kengele. Tulikuwa tunashindana, ingawa ni mmoja wetu tu aliyejua kwamba kuna mashindano. Yeye alikuwa anaamka tu saa alizoamka maisha yake yote, na kazi alikuwa anaifanya kwa sababu hakutaka kula bure kwa mwanawe.

Lakini mimi niliona kitu kingine. Nilijua kwamba kwao mke wa mwana ndiye anayetangulia kuamka, ndiye anayewasha moto wa mama mkwe na kumfagilia. Kwangu mambo yalikuwa yamepinduka, tena hadharani. Maji ya ndani yalikuwa ya kuja na kwenda, kwa hiyo wanawake wa nyumba zote tulikutana kwenye bomba la nje, na kutoka kwenye bomba uwanja wangu ulionekana wote. Kila asubuhi waliona mama mzee ameinama na ufagio mfupi, mkono mmoja ukifagia, mwingine ukitangulia kupapasa mawe.

Kulikuwa na jirani mmoja mwenye mdomo, mke wa dereva. Siku moja alingoja nifike, akaniwekea ndoo yangu vizuri chini ya bomba kana kwamba ananisaidia, akasema, "Mama, hebu nikuulize. Wewe umeolewa ama umeoa?"

Wakaangua kicheko. Mmoja akaongeza kwa Kijaluo, akidhani sitasikia, kwamba wake wa kutoka mbali ndivyo walivyo, wanajua kulala na kuhesabu pesa. Nilisikia kila neno. Nikacheka nao, nikajaza ndoo nusu, nikaondoka. Nyumbani nilimkuta mama mkwe anamlisha binti yangu uji, anampuliza kijiko kwa kijiko. Nilimkasirikia yeye. Wale wa bombani sikuwaweza, yeye nilikuwa naye karibu.

Nilianza kuyachukia mambo madogo. Jinsi alivyopanga vikombe kwa kugusa, nikavikuta mahali pengine. Mlio wa swichi alfajiri, ule mlio mmoja mdogo, ulikuwa unaniingia masikioni kama mtu ananisonya. Nilijaribu kumwambia mume wangu. Akasema, "Mwache mama afurahi, zimebaki siku chache." Hakuwa anakwenda bombani.

Siku tisa kabla ya Alhamisi yake, jioni, nilichukua utepe mweusi kwenye sanduku la vifaa la mume wangu. Nikakata kipande kwa mkasi wangu wa kushonea, urefu wa kiungo cha kidole. Watu wote walipokwisha kuingia kulala, nikasimama koridoni gizani na kukibandika juu ya ile taa ndogo. Nikakisugua kwa gumba mpaka wekundu wote ukafa.

Nilikuwa nimejiandalia maneno. Daktari alikuwa amesema asiiname sana, presha itapanda. Kwa hiyo nilikuwa namsaidia. Nilikuwa nimemtazama asubuhi nyingi na nilimjua hatua kwa hatua: anatoka, anasimama, anaitafuta ile nyekundu, halafu anaifuata mkono ukiwa mbele. Bila hiyo hathubutu. Angesimama kidogo, angesema labda stima imepotea, angerudi kitandani angoje mwanga, nami ningeamka saa kumi na mbili kasoro nifagie uwanja wangu mbele ya macho ya watu wote. Ningeubandua utepe mchana na kuubandika tena jioni. Siku tisa tu. Hivyo ndivyo nilivyopanga, nikiwa na akili zangu timamu na mkasi mkononi.

Mlango wa chumba chetu ulikuwa umevimba kwa mvua za msimu ule. Kuufunga ilikuwa lazima uusukume kwa bega mpaka upige kelele. Kila usiku tulikuwa tunaufunga hivyo, kwa sababu ya heshima ya mama. Usiku huo sikutaka kelele. Nilikuwa nimetoka kufanya jambo na sikutaka mtu yeyote aamke aniulize nilikuwa wapi. Nikauegesha tu, nikapanda kitandani. Joto lilikuwa jingi, lile joto la Kisumu mvua ikikaribia, na mume wangu alikuwa amelala bila shati, shuka ameitupa miguuni. Mimi mwenyewe sikuwa na nguo ya kujivunia mwilini. Upepo ulikuja baadaye, ukausukuma mlango ukafunguka. Hayo nimeyapanga baadaye kichwani. Usiku ule nililala usingizi mzito sana.

Kilichoniamsha ni uzito pembeni ya kitanda, na mkono. Mkono ulikuwa umeegemea juu ya bega la mume wangu na kidogo juu ya langu, ukijiinua kwenda ukutani. Halafu swichi ikalia na taa kubwa ikawaka.

Mama mkwe wangu alikuwa amesimama juu yetu. Goti lake moja lilikuwa kitandani. Alikuwa ameiona nukta moja nyekundu katika nyumba nzima, akaifuata, kama alivyofundishwa.

Akakunja jicho kwa mwanga. Nadhani alikuwa anashangaa kwa nini korido ina kitu laini. Kisha mume wangu akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia tena, "Mama!"

Akaelewa. Akarudi nyuma kana kwamba kitanda kimemchoma. Akajifunika uso wote kwa leso, akageuka, akagonga paji la uso kwenye fremu ya mlango, akatoka akipapasa na kulia, akimwita mwanawe na Mungu wake, "Yawa! Yawa, wuoda! Nimeingia wapi? Ruoth, nimeingia wapi?"

Mume wangu alivaa suruali akamfuata. Alikuwa amefika verandani, amekaa sakafuni na mgongo kwa ukuta. Nilimsikia mume wangu akimbembeleza kwa Kijaluo, akisema si kitu, ni bahati mbaya, mjini hayo hayapo. Mtoto alikuwa ameamka analia. Ningeweza kwenda kwa mtoto. Ningeweza kwenda verandani. Nilikwenda koridoni, nikaingiza ukucha chini ya utepe, nikaubandua, nikauviringisha na kuuficha kwenye nywele zangu chini ya kitambaa. Nukta nyekundu ikawaka tena. Nikalamba kidole nikafuta gundi iliyobaki. Hilo linaniumiza kuliko mengine yote, kwamba mikono ilifanya kazi yake vizuri.

Kulipoanza kupambazuka akaingia, mume wangu amemshika kiwiko. Kwenye paji la uso alikuwa na uvimbe. Akasimama mwanzo wa korido, ambako bado kulikuwa giza, na akaniita.

"Nyathina. Hiyo taa ya hapa ilikuwa wapi?"

"Iko hapa, Mama."

"Niliangalia. Sikuona. Niliona ile ingine tu."

"Iko kama kawaida," nikasema. "Tazama."

Akatazama. Aliiona, nikajua kwa jinsi kichwa kilivyotulia. Akaendelea kuitazama kwa hilo jicho moja ambalo tulikuwa tumeahidi kuliokoa.

"Kumbe iko," akasema.

Na sauti hiyo ikashuka. Nilimwona akilipokea kosa lote, akalichukua kama mtu anayechukua mzigo wake kutoka kwa mchukuzi. Kama taa ilikuwepo na yeye hakuiona, basi jicho halikuwa na kosa, kwani sasa linaiona. Ni kitu kingine kilichomvuta kuelekea kitanda cha mwanawe. Hakukitaja. Alimtazama binti yangu, ambaye alikuwa ameshika sketi yangu, kisha akageuza uso kutoka kwa mtoto vilevile alivyokuwa akiugeuza kutoka kwa mlango wetu.

Kabla ya jua kupanda alikuwa amefunga mkoba.

Mume wangu alimsihi. Alimwambia habari ya Alhamisi, ya daktari, ya presha. Alikwenda kwa jirani, huyo huyo mke wa dereva, akaomba chumba kwa siku nane bila kusema sababu, na yule mama akakubali mara moja. Nilishangaa. Mwanamke niliyekuwa namwogopa kiasi cha kubandika utepe ukutani alitoa godoro lake bila swali. Lakini mama mkwe alikataa. Aliuliza watu watamwuliza kwa nini ameondoka kwa mwanawe akalale kwa jirani, naye atajibu nini? Na kama mtoto akikohoa, yeye akiwa nyumba ya pili, atalalaje?

"Nikikaa mbali, itakuwa mzuri kwa nyakwara," akamwambia, yaani mjukuu wake. "Jicho ni yangu. Mtoto ni ya nyinyi wote."

Nilikuwa nimesimama hapo. Sentensi moja ilitosha. *Mama, ni mimi niliyeifunika.* Pengine bado angeogopa, kitanda alikuwa amekigusa na kukigusa hakufutiki kwa maneno. Lakini angejua hakuna kitu kilichomvuta. Angejua ni mkamwana mjinga na kipande cha utepe, na hasira inampa mtu nguvu ya kukaa. Angenitukana, angelala kwa jirani, angefika Alhamisi yake. Aibu ingekuwa yangu, na ingefika bombani kabla ya saa tatu. Nilipima hayo mawili. Nasema nilipima, kwa sababu nimechoka kujidanganya kwamba nilipigwa na butwaa. Nilifyata ulimi, nikaenda kumfungia chapati za njiani.

Alhamisi ilifika nikiwa na sare kumi na mbili za kumaliza. Nilishona mpaka mguu ukafa ganzi.

Mume wangu alikwenda Bondo mara tatu miezi hiyo. Alirudi na majibu ya namna moja: baada ya palizi, baada ya mavuno, baada ya Krismasi. Binti yetu alipata malaria, malaria ya kawaida ambayo kila mtoto wa huku hupata, akapona kwa vidonge. Lakini habari zilifika Bondo kabla ya uponyaji, na baada ya hapo mama mkwe hakusema tena hata baada ya nini. Alisema hatakanyaga Kisumu. Daktari aliwahi kuuliza habari zake, kisha akaacha. Mwaka uliofuata, tulipokwenda kwa Pasaka, nilinyoosha mkono nimsalimie na mkono wangu ukabaki hewani. Nilingoja auone. Ilibidi niseme, "Ni mimi, Mama," ndipo akaigeukia sauti.

Niliingia nyuma ya jikoni nikajiziba mdomo kwa leso. Mume wangu alinikuta huko. Alidhani nalia kwa huruma, akanishika bega, akanishukuru. Mama yake tumemzika, na yeye hajui mpaka leo. Atayasoma hapa, kama wengine. Tumezeeka pamoja, na kila mwaka nilisema nitamwambia, na kila mwaka nilipata sababu yenye heshima ya kutomwambia.

Mama yake nilikusudia kumwambia kweli, mara moja. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Alikuwa anaumwa, na nilikwenda Bondo peke yangu kumwuguza wiki moja. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa Kijaluo, nimeyajaribu nyumbani mpaka nikayashika, kwa sababu sikutaka kujificha nyuma ya Kiswahili chetu kibovu. Nilifika mchana. Nikakuta wanawake wa kanisa lake wamekuja kumwombea, sita au saba, wamekaa kwenye viti vya mbao kuzunguka kitanda chake. Nikasema moyoni, ngoja waondoke.

Alinijua kwa hatua. Akanyoosha mkono, nikaushika, akanikalisha kando yake, akaniweka mbele yao. Na akaanza kusema, kwa Kiswahili, ili nisikose hata neno.

"Huyu ni bibi ya mtoto yangu. Mnasemaga ametoka mbali. Mimi nataka niwaambie kitu kabla nikufe. Mimi nilikosa kwa nyumba ya huyu. Kosa ya aibu, mama hawezi kutaja. Mwingine angetangaza. Angeenda mpaka soko. Kila siku nilikuwa nangoja nisikie watu wanasema, nangoja, nangoja. Mpaka leo hakuna mtu anajua. Hata nyinyi hamjui. Hata mama yake mwenyewe nafikiri hajamwambia."

Akanigeuzia uso. Macho yake mawili yalikuwa meupe.

"Si ni kweli, nyathina? Hujaambia mtu?"

Wale wanawake walikuwa wananitazama, wengine wameanza kupangusa machozi. Maneno yangu ya Kijaluo niliyoyakariri yote yalikuwepo, hayakunitoka hata moja.

"Ni kweli, Mama," nikasema. "Sijamwambia mtu."

Akanipapasa kichwani, taratibu, akashika kitambaa changu kwa vidole.

"Mungu akubariki kwa hiyo kunyamaza yako," akasema.

Wanawake wote wakaitikia amina. Kisha wakangoja, kwa sababu aliyebarikiwa huitikia mwisho. Nami nikaitikia.